Sauti ya Jumanne: Maisha ya Mama Respah Nakhumicha Kinuthia

Bwana asifiwe. Tangu Alhamisi ya wiki jana, mtu akikutana na mwanakwaya wa Zamu ya Pili, iwe ni sokoni Ruiru ama kule Thika, kwanza anatoa pole, halafu anauliza swali moja: "Sasa nani atawatolea sauti?" Hata marehemu mwenyewe alikuwa na swali hilo, na lilimsumbua kuliko ugonjwa. Litajibiwa leo hapa hapa, lakini mahali pake, kwa sababu haliwezi kujibiwa kabla watu hawajajua sauti yenyewe ilitoka wapi.

Mama Respah Nakhumicha alizaliwa Jumapili tarehe 22 Machi 1953, karibu na Kimilili, Bungoma. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanane wa Mzee Laban Wanyonyi na Mama Rasoah Nasimiyu. Mvua ilikuwa imeshika na watu walikuwa shambani wakipanda, ndiyo maana akaitwa Nakhumicha. Mama yake alipenda kusema kwamba watoto wengine walianza kwa kuita mama, lakini huyu alianza kwa kuuliza "nini?", na tangu siku hiyo hakunyamaza.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka wa 1961 na kumaliza darasa la saba mwaka wa 1967. Hapo ndipo alipofundishwa kuimba kwa do, re, mi. Kengele ya shule ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti. Siku moja, akiwa darasa la nne, aliinua mkono katikati ya hesabu akauliza, "Mwalimu, kwa nini kengele ya asubuhi na ya jioni haziimbi sawa?" Mwalimu akamwambia akae chini. Alikaa, lakini wakati wa mapumziko alienda kujionea. Akakuta kiranja wa asubuhi anagonga kwa nyundo, wa jioni anagonga kwa jiwe. Alirudi darasani akiwa ametosheka kabisa, ingawa hesabu yenyewe aliipata vibaya. Masomo yake yaliishia hapo kwa sababu nyumbani walikuwa wengi. Hakuwahi kulilalamikia jambo hilo. Alisema Mungu alimnyima daftari akamwachia masikio.

Januari 1972 alikuja Thika kuishi na senge wake, dada ya baba yake, katika mtaa wa Makongeni. Mwezi wa Aprili aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, upande wa kusokota nyuzi, zamu ya pili, ile ya kuingia saa nane mchana na kutoka saa nne usiku. Wafanyakazi wa zamu hiyo hawakuweza kwenda mazoezi ya kwaya ya kanisa, kwa sababu yalifanywa jioni. Mwaka wa 1974 wakaanzisha yao. Walikuwa kumi na wanne: Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo, na Mkamba mmoja. Walikutana saa tano asubuhi katika chumba cha mikutano cha wafanyakazi, kando ya ua wa kiwanda. Waliitwa Kwaya ya Zamu ya Pili, na jina hilo limebaki hadi leo. Wageni bado wanauliza zamu ya kwanza huwa inaimba saa ngapi.

Mwalimu wao alikuwa marehemu Mwalimu Ajwang, fundi wa mashine. Hawakuwa na kinanda. Hawakuwa hata na kile chuma kidogo cha kugonga ili kupata sauti ya kuanzia. Lakini saa sita mchana king'ora cha kiwanda kililia, na Mwalimu Ajwang alikuwa mtu wa kutumia kilichopo. Jumanne tarehe 10 Septemba 1974 aliwaambia, "Mkisikia king'ora, hiyo ndiyo do. Chukueni." King'ora kikalia, wakaichukua, wakaimba wimbo wao wa kwanza. Waliokuwepo walisimulia mpaka uzeeni jinsi ulivyokaa. Soprano hawakupiga kelele, besi hawakuzama, kila mtu alifika alikotumwa bila kujikuna.

Kesho yake, Jumatano, king'ora kililia, wakachukua, wakaimba wimbo ule ule. Ukawa vita.

"Mnalia kama kuku wamemwona mwewe!" Mwalimu Ajwang akasema. "Jana mlikula nini na leo mmekula nini?"

"Siyo sisi, Mwalimu," Nakhumicha akasema kutoka kwa alto. "Ni king'ora. Leo kimepanda."

"King'ora ni chuma, dada yangu. Chuma hakipandi wala hakishuki."

"Hiki kimepanda."

Wengine walicheka, na aliyecheka zaidi alikuwa msichana wa soprano aitwaye Gathoni, wa Gatundu, aliyekuwa ameanza kazi wiki mbili kabla. Gathoni alisema king'ora cha leo ndicho kizuri, cha jana kilikuwa cha watu wanaolala. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa ubishi wao, na ulidumu miaka hamsini na moja kasoro.

Nakhumicha hakubishana siku hiyo. Alienda kujionea, kama alivyoendea ile reli. Alizunguka nyuma ya kiwanda mpaka kwa boila, pale mvuke wa king'ora ulipochemshwa, mahali ambapo wanawake hawakuruhusiwa, akakaa huko kama dakika kumi. Aliporudi alikuwa na majivu kwenye viatu na alikuwa akijizuia kucheka. Mwalimu Ajwang akamuuliza amepata nini huko.

"Nimeuliza, nikajibiwa," akasema. "Lakini siwezi kusema. Sauti ya jana msiitafute tena kwa king'ora, haitarudi. Nitaishika mimi."

"Utaishika na nini?"

"Na kichwa."

Mwalimu alimjaribu kila siku mwezi mzima. Alimwomba do kabla ya king'ora, baada ya king'ora, mpaka katikati ya mashine zikinguruma. Nakhumicha alikuwa anafunga macho, anaweka kidole chini ya sikio la kushoto, anaitoa. Ilikuwa ile ile. Kuanzia hapo wanakwaya walipata nyimbo zao zote kutoka kwake, na wakaiita sauti ya Jumanne. Alichoambiwa kule kwa boila hakuna aliyekijua. Walimuuliza kwa upole, wakamuuliza kwa mzaha, na Gathoni aliwahi kumnyima chumvi akitegemea atasema. Hakusema.

Mwaka uliofuata kijana mmoja wa Kalimoni, Ephantus Kinuthia, mfanyakazi wa boila wa zamu ya kwanza, aliomba kubadilishiwa zamu ili ajiunge na besi. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 11 Desemba 1976, Thika, kwaya ikiimba. Mama ya Kinuthia alikuwa na wasiwasi juu ya msichana kutoka mbali, akamwita mwanawe kando. "Huyu ataimba ama atalima?" Kinuthia akamjibu, "Maitu, atafanya yote mawili, na atakuuliza maswali juu yake." Haikuchukua mwaka kabla mama huyo hajaanza kuwaambia majirani kwamba mkaza mwana wake ndiye peke yake anayemuuliza vile mambo yalikuwa zamani. Mungu aliwabariki na watoto watatu: Lynn, Kamande na Becky. Mama alijifunza Kikuyu mpaka akawa anatania nacho, ingawa alipokasirika alirudi Kibukusu, na watoto walijua wakisikia Kibukusu ni kujificha.

Kiwanda kilifungwa mwaka wa 1996. Watu walitawanyika, wengine wakarudi Bungoma na Siaya, wengine wakapata kazi Ruiru kwa viwanda na kwa mashamba ya kahawa. Mama na Mzee walihamia Mugutha, upande wa Ruiru, mwaka wa 1998, Mama akanunua mashine ya kufuma, akawa anafuma sweta za shule. Watoto wengi wa Ruiru waliosoma miaka hiyo walivaa kazi ya mikono yake. Mazoezi yakahamia Jumamosi saa nane mchana, wiki moja Thika, wiki moja Ruiru. Hakukuwa tena na king'ora wala zamu, lakini kwaya ilianza kila wimbo kwa ile sauti, na vijana waliojiunga hawakujua imetoka wapi. Walijua tu inatoka kwa Mama Nakhumicha.

Januari 2008, nchi ilipochafuka baada ya uchaguzi na watu wakaogopana, kuna Jumamosi moja ambayo walikuja watatu tu. Wengi wa kutoka magharibi walikuwa wamekimbia ama wamejifungia ndani. Alikuja Mama, alikuja Mzee Kinuthia, na alikuja Gathoni, ambaye alitembea kwa miguu kutoka Ruiru mjini. Mama alitoa sauti. Wakaimba watatu, bila tenor. Walipomaliza Gathoni akasema, "Nakhu, hata leo iko chini." Mama alipokuwa akisimulia hayo alikuwa anacheka na kulia pamoja, kwa sababu ndipo alipojua kwamba mambo yatapona.

Mwaka wa 2011 vijana walichangisha wakanunua kinanda cha umeme. Muriithi, ambaye ndiye mwalimu wa kwaya sasa, alikuwa ndio ameanza kufundisha. Alimwomba Mama do, Mama akaitoa, Muriithi akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akakuna kichwa.

"Mama, samahani. Hii do yako haiko."

"Haiko wapi?"

"Kwa kinanda. Iko katikati. Huku ni juu yake, huku ni chini yake."

"Basi kinanda chako kimeruka moja. Kirudishe dukani."

Gathoni akasimama. "Nimesema miaka thelathini na saba! Nimesema iko chini! Sasa hata stima imekubali!"

Ikakubaliwa kwamba Pasaka ya mwaka huo wafuate kinanda, kwa ile noti ya juu. Mama hakupinga. Aliketi kwa alto akaimba kama kawaida. Walipofika ule mstari wa juu wa mwisho, mbele ya kanisa limejaa, sauti ya Gathoni ilikatika katikati ikatoka kama ya jogoo mdogo. Kanisa zima likatazama chini. Gathoni alifunga kitabu, na walipotoka nje akamwambia Muriithi mbele ya kila mtu, "Hicho kinanda kirudi kwenye sanduku lake." Halafu akamgeukia Mama. "Lakini yako bado iko chini."

Mzee Kinuthia alilala katika Bwana mwezi wa Julai 2017 na akazikwa hapa Kalimoni, hatua chache kutoka mahali tuliposimama. Mwaka uliofuata, siku ya kuweka saruji kaburini, Lynn alimuuliza mama yake tena lile swali la boila, bila kutegemea jibu. Mama alipangusa saruji kwa mikono, akaangalia kaburi, akasema, "Sasa hakuna wa kumfuta kazi."

Jambo alilomsimulia hapo wanakwaya wengi wanalisikia leo kwa mara ya kwanza. Mama ndiye aliyeruhusu. Alisema, "Mkinizika, mseme."

Siku ile ya Jumanne, Kinuthia alikuwa zamu. Kazi yake ilikuwa kulisha moto kuni ili mvuke uwe na nguvu, na saa sita kuvuta kamba ya king'ora. Lakini alisikia watu wakijaribu sauti zao ng'ambo ya ua, akatoka kidogo kuangalia. Akamwona msichana wa alto amefunga macho. Akasahau moto. Aliposhtuka ilikuwa saa sita, mvuke umeisha nguvu, akavuta kamba hivyo hivyo, na king'ora kikalia kwa uchovu, chini ya sauti yake ya kila siku. Kesho yake alikazana na kuni asubuhi nzima kwa hofu, kikalia sawasawa. Na huyo hapo msichana mwenyewe, amesimama mlangoni kwa boila, anauliza, "Ni nani ameshusha king'ora jana?"

Kinuthia alikiri. Kuacha boila bila mtu ilikuwa ni kufukuzwa siku hiyo hiyo, na alikuwa akilisha nyumbani wadogo zake. Akamsihi asiseme. Mama akamwambia, "Sitasema. Lakini uliniharibia wimbo mzuri kwa kurudisha moto." Akaahidi, akatimiza, kwa miaka arobaini na tatu, mpaka yeye mwenyewe akamzika.

Kwa hivyo, ndugu zetu, sauti ambayo kwaya hii imeimba nayo nusu karne, harusini, kanisani na makaburini, ni sauti ya moto uliosahauliwa na kijana aliyekuwa akimtazama mwimbaji. Mama aliijua hivyo wakati wote. Alisema Mungu anaweza kutumia hata uzembe, mradi tu mtu asiufanye mazoea.

Tangu mwaka wa 2022 alianza kuwa na haraka. Alisema sauti ni amana na amana lazima iwe na mwenyewe mwingine kabla ya siku yako. Mwanakwaya akimtembelea, hata kabla ya kuulizwa habari ya nyumbani, aliambiwa, "Nipe do." Muriithi alitoa, ikawa juu kidogo. Maxine, mjukuu wake anayesoma chuo Juja, alitoa, ikawa chini. Ronny, mjukuu wake mwingine, alisema, "Shosho, si turekodi tu na simu?" Alikubali. Lakini kila simu ilipoelekezwa kwake alipata aibu, na aibu ikampandisha sauti. Akisikilizishwa, alikataa mwenyewe: "Huyo siye mimi. Huyo ni mtu anayepigwa picha." Jambo la ajabu ni kwamba hakuwahi kumjaribu Gathoni. Pengine alidhani hakuna haja ya kumpa mtu kitu ambacho hakitaki.

Mama alikuwa na presha kwa miaka mingi. Jumatatu tarehe 3 Februari 2025 asubuhi, akiwa kwa mashine yake ya kufuma, alipata kiharusi. Alilazwa hospitali siku kumi na mbili, na tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza. Alirudi Mugutha, lakini upande wa kulia ulikuwa umelala, na hakuweza kusema wala kuandika. Alisikia kila kitu. Kwa mkono wa kushoto alikuwa anagusa koo, halafu anaonyesha picha ya kwaya ukutani, halafu anagusa koo tena. Walimletea maji. Walimletea uji. Akawa anafumba macho kwa uchungu. Becky ndiye aliyeelewa. "Siyo kiu," akasema. "Ni ile sauti. Anaogopa kwenda nayo."

Jumamosi tarehe 15 Machi kwaya nzima ilikuja Mugutha, wengine wakasimama nje dirishani. Muriithi alipiga magoti kando ya kitanda akasema, "Mama, tutajaribu mmoja mmoja. Ikiwa ndiyo, gonga kitanda." Akatoa yake. Mama akatikisa kichwa. Maxine akatoa. Akatikisa kichwa. Tenor wakatoa, alto wakatoa, mtoto wa mwanakwaya mmoja akatoa ya kwake bila kuombwa. Walifika kama ishirini. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka upande ule mmoja, na watu wakaanza kuangaliana.

Gathoni alikuwa jikoni akipika chai, kwa sababu alisema hawezi kuona Nakhu akiwa amenyamaza. Akatokea mlangoni na sufuria mkononi, amekasirika.

"Nyinyi mnafanya nini? Mnamtesa mgonjwa na hizo sauti. Hiyo iko juu. Hiyo nyingine iko chini sana. Miaka yote hii mmekuwa mkisikiliza nini? Yake ni ile, ile mbaya, ile ya watu wanaolala..."

Na ili kuwaonyesha ubaya wake, akaitoa.

Mkono wa kushoto wa Mama uligonga kitanda. Ukagonga tena, na tena, kwa nguvu, mpaka kikombe kikaanguka. Nusu ya mdomo wake ilikuwa inacheka. Gathoni alibaki amesimama na sufuria, hajui aiweke wapi.

"Mimi?" akasema. "Nakhu, mimi siipendi hata kidogo."

Mama akagonga.

Gathoni akaweka sufuria chini sakafuni, akakaa kitandani, akashika ule mkono. "Haya basi," akasema. "Nitaishika. Lakini nitalalamika."

Tangu siku hiyo Mama hakugusa koo tena. Alikunywa uji wake. Alilala usingizi mzuri. Gathoni alikuja kila Jumamosi kumtolea sauti mara moja, Mama anagonga, halafu wanakunywa chai. Mama alitwaliwa na Bwana Alhamisi tarehe 8 Mei 2025 saa moja asubuhi, nyumbani Mugutha, watoto wake wakiwa kando yake. Alikuwa na miaka sabini na miwili.

Mama ameacha watoto wake Lynn, Kamande na Becky, wakwe zake, wajukuu saba, wakiwemo Maxine na Ronny, na kitukuu mmoja wa miezi minne ambaye majina yake mawili yote ni ya Mama. Ameacha ndugu zake wanne kule Kimilili, ambao wamesafiri kutwa nzima kufika hapa, tunawashukuru. Ameacha mashine ya kufuma yenye sweta moja ya kijani isiyo na mkono wa kulia. Ameacha Kwaya ya Zamu ya Pili, sasa watu arobaini na sita. Na amemwacha Cucu Gathoni, nyanya yetu sote, ambaye hakuandikwa kwa orodha ya familia, lakini leo ameandikwa.

Mama yetu alitimiza zamu yake bila kuitoroka, na Mungu wa rehema amkaribishe mahali pa utulivu pamoja na Mzee wake.

Kwaya sasa itaimba wimbo ule wa kwanza, wa Jumanne ile. Kinanda kimebaki Ruiru.

Cucu Gathoni, tunakungojea. Najua iko chini. Tupe hivyo hivyo.